Mama anaomba kambare aliyemkataa maisha yake yote: tumheshimu mama yupi?

Binti wa Pasiansi (mwanzisha mada)

Shikamooni wakubwa wa jukwaa, na wenzangu habari za leo. Naleta suala lililotugawa katika familia yetu hapa Mwanza, na ninaomba walio na uzoefu wa kuuguza wazazi, pamoja na waliosoma mambo ya afya, ya dini na ya falsafa, wanisaidie kulitazama kwa utulivu.

Mama yetu anakaribia miaka 80. Alikuwa fundi cherehani, na sare za shule za watoto wengi wa Ilemela zilipita mikononi mwake. Sasa ana demensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ambayo daktari ametueleza kuwa ni ugonjwa wa Alzheimer uliochanganyika na madhara ya shinikizo la damu kwenye mishipa ya ubongo. Majina ya wajukuu yamemtoka, yetu sisi watoto yanakuja na kupotea, na jua likianza kuzama hufunga kanga kiunoni na kuuliza ni nani atakayempeleka kwao Magu, ilhali nyumba anamoishi waliijenga yeye na marehemu baba.

Mama ni Msabato tangu ujana wake, na kanisani alikuwa shemasi. Kambare, ambaye huku kwetu wengi humwita mumi, hakuwahi kuingia jikoni mwake, kwa kuwa ni samaki asiye na magamba na anahesabiwa miongoni mwa vilivyokatazwa katika sura ya 11 ya Mambo ya Walawi. Siku hizi jirani yetu akipika mumi aliyekaushwa kwa moshi na harufu ikavuka ukuta, mama huinuka, hufika mlangoni kwa jirani, akabisha hodi na kuomba. Mara ya kwanza jirani alimpakulia bila kujua msimamo wa nyumba yetu. Mama alikula hadi akabakiza mifupa mitupu, kisha akamshukuru kwa Kisukuma kwa maneno marefu kuliko yote niliyomsikia akiyasema tangu ugonjwa ulipokolea. Tangu hapo hurudi kila harufu hiyo inapomfikia.

Dada yetu mkubwa, ambaye anaishi Dar es Salaam na ndiye anayegharimia dawa, ametaka jambo hili likome. Anasema mama alijiwekea msimamo akiwa na akili zake timamu, na sisi wanawe ndio walinzi wa msimamo huo sasa ambapo yeye hawezi tena kuulinda. Kumwacha ale mumi ni kumvunjia heshima aliyoijenga kwa miaka yote, na kama angeweza kujiona angeona aibu. Kaka yetu anasema mama tuliyemjua alikwisha kuondoka, aliyebaki ni mgonjwa anayehitaji kushiba na kufurahi, basi apewe anachotaka. Mimi ndiye ninayeishi naye, na hoja zote mbili zinanitatiza. Ya dada inamfanya mwanamke aliye mbele yangu aonekane kama hana haki ya kutaka kitu chochote kipya. Ya kaka ninaiogopa zaidi, kwa sababu inaanza kwa huruma na inaishia kusema kwamba mama hayupo, na mimi siwezi kukubali kwamba ninayemwogesha kila asubuhi, anayenishika mkono maji yakiwa ya baridi, si mtu bali ni mabaki ya mtu.

Lipo pia jambo la wageni. Wanapokuja kumjulia hali huniuliza mimi: "Anakula? Analala? Bado anajisaidia mwenyewe?" Mama yuko palepale kwenye kiti chake, anawatazama midomo. Miongoni mwao wamo aliowashonea nguo za harusi. Najua hawana nia mbaya, lakini nikiona uso wa mama unavyojifunga, natamani mazungumzo yakatike.

Ninauliza, je, utu wa mtu unakaa katika kumbukumbu zake, kiasi kwamba zikiondoka na wenyewe unaondoka? Na pale matakwa ya zamani yanapopingana na ya sasa, anayeuguza asimame na yapi?

Muuguzi Mstaafu

Pole sana, mwanangu, kwa kazi ya kuuguza. Sehemu kubwa ya maisha yangu niliitumia wodini, kwa hiyo nitaanza na mwili na mengine niwaachie wasomi.

Demensia haiondoi kila kitu kwa pamoja. Ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huathiri mapema hipokampasi, yaani sehemu ya ubongo inayosaidia kuhifadhi mambo mapya, na ndiyo maana mama anaweza kusahau chai aliyokunywa muda mfupi uliopita lakini akakueleza barabara jinsi pamba ilivyokuwa ikipimwa kwenye chama cha ushirika alipokuwa binti. Kumbukumbu za mikono, zile za kazi iliyorudiwarudiwa kwa miaka, hutegemea sehemu nyingine za ubongo na hudumu zaidi. Mkatie kitambaa, mtungie uzi, umwachie apige pindo. Usimpe kwa ajili ya kumtuliza tu. Mpe foronya au taulo la jikoni ambalo nyumba italitumia kweli, na likikamilika umshukuru kama ambavyo mteja angemshukuru, kwa sababu anaitambua tofauti.

Hisia nazo zina njia yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha utafiti ambamo watu wenye Alzheimer walionyeshwa vipande vya filamu, vingine vya kuhuzunisha na vingine vya kufurahisha. Muda mfupi baadaye walikumbuka kidogo sana ya yale waliyoyaona, na wengine hawakukumbuka kitu, lakini huzuni au furaha iliendelea kuwamo ndani yao. Nilipousoma niliona umeeleza kile ambacho wauguzi wengi tulikuwa tukikiona bila kuwa na ushahidi wa kukitetea. Anayekaripiwa asubuhi anaweza asikumbuke maneno wala aliyeyasema, na bado akashinda siku nzima akiwa na moyo mzito asiojua ulikotoka. Kadhalika anayetembelewa kwa upendo hubaki na kitu hata kama jina la mgeni limeshampotea kabla geti halijafungwa. Kwa hiyo ndugu wanaosema hakuna haja ya kuja kwa kuwa atasahau, waelezwe hivyo.

Kuhusu wageni wako, alikuwapo Mwingereza aitwaye Tom Kitwood, wa Chuo Kikuu cha Bradford, ambaye mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, aliorodhesha matendo yanayomwondolea heshima mwenye demensia: kumdanganya, kumharakisha, kumfanya mtoto, kumwita kwa jina la ugonjwa wake, kuzungumza juu yake kana kwamba hayupo, kuzipuuza hisia zake. Alisisitiza kwamba wanaoyatenda mara nyingi ni watu wema, na kwamba matendo hayo yanaweza kumdhoofisha mgonjwa zaidi ya vile ubongo wenyewe ulivyodhoofika. Mimi ningeongeza moja la kwetu ambalo nimelishuhudia kitandani kwa wagonjwa wengi mno, nalo ni lile la mgeni kuinama na kuuliza kwa sauti kubwa, "Unanijua mimi? Haya, mimi nani?" Mgonjwa huhangaika, hutabasamu kwa woga, hutafuta msaada kwa macho, na chumba kizima kinasubiri ashindwe. Tafadhali waambieni wageni wasimtahini. Mgeni aketi usawa wa macho yake, amwamkie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, ajitaje: "Shikamoo mama, ni mimi fulani wa Kitangiri, ulinishonea gauni," kisha anyamaze ampe nafasi. Wewe nawe ukiulizwa kama anakula, mgeukie mama kwanza: "Mama, mgeni anaulizia chakula, tumwambieje?" Akijibu, limepatikana jibu. Asipojibu, utajibu wewe, lakini ameulizwa.

Sasa kambare. Uwezo wa kunusa na kuonja hubadilika katika ugonjwa huu, na wapo wengi wanaovutwa na ladha kali kuliko zamani, iwe ni sukari au kitu cha moshi, hivyo usifanye haraka kusema kwamba mama ameiacha imani yake. Mchambulieni samaki, mifupa yote itoke, na mwangalieni anavyomeza, maana matatizo ya kumeza huja kadiri ugonjwa unavyosonga. Na ikitokea akabadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, akaanza kuweweseka au kulala kupita kiasi, msiseme ni demensia imezidi. Mpelekeni apimwe malaria na mkojo, muulizwe kama amepata choo, na dawa zake zote zikaguliwe, zikiwamo za mafua zinazoleta usingizi, kwa sababu hizo zinaweza kumvuruga mzee kabisa.

Msomaji wa Malimbe

Dada, swali lako limegusa mjadala mkubwa, na ninafurahi kwamba umelileta likiwa na sahani ya samaki ndani yake, kwa kuwa bila mfano wa namna hiyo wanafalsafa huzungumza hewani.

Wazo kwamba mtu ni kumbukumbu zake lina asili katika falsafa ya Ulaya. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika sura aliyoichapisha mwaka 1694, alisema kinachomfanya mtu wa leo awe yuleyule wa jana ni ufahamu unaoweza kuyafikia matendo ya jana na kuyatambua kuwa ni yake. Locke alikuwa akishughulikia wajibu na hukumu, hakuwa akiwafikiria wazee wanaougua, lakini kauli ya kaka yako kwamba mama alikwisha kuondoka inatokana na mkondo huohuo, hata kama kaka hajawahi kumsoma.

Upande wa Afrika, mwanafalsafa John Mbiti wa Kenya aliandika mwaka 1969 kwamba mtu yupo kwa sababu jamii ipo, na kwa kuwa jamii ipo naye yupo. Kitwood, ambaye mzee wetu Muuguzi amemtaja, alifika mahali pa jirani na hapo kwa njia nyingine kabisa: utu, kwake, ni hadhi ambayo mtu hupewa na wenzake katika uhusiano, na ndani yake mna kutambuliwa, kuheshimiwa na kuaminiwa. Kwa mtazamo huo kumbukumbu za mama hazikuwa mali yake peke yake hata kabla hajaugua. Nusu ya yale anayoyasahau wewe unayakumbuka, na unapomkumbusha mgeni kwamba mwanamke huyu ndiye aliyeshona gauni lile, unamshikia mama mahali pake miongoni mwa watu.

Kuhusu matakwa mawili yanayopingana, Wamarekani wawili wamelijadili kwa kina. Ronald Dworkin, mwanafalsafa wa sheria, mwaka 1993 alitofautisha raha za wakati huu na yale ambayo mtu aliyaona kuwa ndiyo yanayoyapa maisha yake maana, na akahitimisha kwamba haya ya pili, yaliyotamkwa akili ikiwa timamu, yaendelee kutawala. Dada yako angemkumbatia. Rebecca Dresser, mwanasheria, alimjibu kwamba anayeishi leo ndiye anayefurahi na kuumia leo, na si haki kumtoa sadaka kwa ajili ya msimamo asiouelewa tena. Ukimtazama Dresser vizuri utaona kwamba anafika kwenye uamuzi uleule wa kaka yako kwa sababu iliyo kinyume kabisa: kaka anasema mpeni kwa kuwa mama hayupo, Dresser anasema mpeni kwa kuwa yupo. Ninaomba familia yenu iipime tofauti hiyo kabla ya kupima kitu kingine, kwa sababu ndiyo itakayoamua namna mtakavyomtendea katika mambo mia moja yasiyohusu samaki.

Maoni yangu ni haya. Uzito wa matakwa ya zamani haulingani katika kila jambo. Kama mama alisema azikwe wapi, au shamba lake alilime nani, hayo yashikwe kwa nguvu, kwa sababu alikuwa akiyapanga maisha ya watu wengine pia na hakuna furaha yake ya leo inayovunjwa kwa kuyatii. Katika chakula, kumzuia ni kumwumiza mwanamke aliye mbele yako kwa ajili ya yule aliyekuwapo, na yule aliyekuwapo, kama alikuwa mama wa namna unayomweleza, sidhani kama angetaka mwanadamu yeyote mgonjwa anyang'anywe sahani mikononi kwa sababu yake. Jambo moja tu lingenifanya nisite. Iwapo siku moja, katikati ya kula, mama atauliza huyu ni samaki gani, na uso ukabadilika alipotajiwa, hapo msimamo wake wa zamani bado ni wa leo, na sahani iondolewe mara moja kwa upole. Mwanafalsafa Agnieszka Jaworska, aliyewajibu wote wawili mwaka 1999, alihimiza tuangalie hasa hilo, kwamba mtu anaweza kushindwa kupanga na kukumbuka, na bado akawa na mambo anayoyathamini kwa dhati.

Mjukuu wa Misungwi

Nimewasoma kwa makini na ninamheshimu Msomaji wa Malimbe, lakini kauli kwamba utu ni hadhi inayotolewa na wengine inanipa hofu, na ninaomba nieleze kwa nini, maana sisi wa Kanda ya Ziwa tunayo historia ambayo Bradford hawana.

Sote tunajua yaliyowapata bibi zetu Usukumani. Tangu miaka ya 1970 wanawake wazee wengi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, pamoja na maeneo ambayo sasa ni Geita na Simiyu, walikatwa mapanga majumbani mwao kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Walioulizwa sababu walitaja macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Nyuma ya shutuma mara nyingi palikuwa na ugomvi wa shamba la mjane. Lakini tazameni pia tabia zilizohesabiwa kuwa ushahidi. Bibi ameonekana akitembea usiku wa manane peke yake. Bibi amekutwa alfajiri uani kwa watu, hana nguo, hajui amefikaje. Bibi anazungumza na waliokufa, anawaita kwa majina, anawaandalia chakula. Mtu yeyote aliyewahi kuishi na mgonjwa wa demensia anaitambua kila moja ya dalili hizo.

Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu waliofikisha miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Hata kama kiwango cha kwetu kinatofautiana, hakuna sababu ya kudhani kwamba vijiji vya Usukuma havikuwa na wagonjwa hao. Walikuwamo. Walikuwa na jamii iliyowazunguka, yenye kujuana kwa majina na kwa koo, na ni jamii hiyohiyo iliyoketi na kukubaliana kwamba fulani si mtu wa kawaida. Ikiwa utu ni kitu tunachopewa na wenzetu, basi wenzetu wakikaa kikao wanaweza kutuvua, na hatutakuwa na neno la kusema kwamba wamekosea.

Kwa hiyo mimi nasimama na mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana, aliyempinga Mnaijeria Ifeanyi Menkiti katika suala hili. Menkiti aliandika mwaka 1984 kwamba mtu hukua katika utu kadiri anavyoingizwa katika jamii na kutimiza wajibu wake humo, na kwamba mwingine anaweza kushindwa kuufikia. Gyekye alikubali kwamba jamii hutulea na kutukuza, lakini akakataa kwamba ndiyo inayotupa thamani. Thamani mtu huzaliwa nayo, na jamii inadaiwa tu kuitambua. Sioni kama ni ubishi wa wasomi. Bibi aliyekutwa uani alfajiri alikuwa mtu kamili hata pale ambapo kijiji kizima kilisema si mtu, na kosa lilikuwa la kijiji.

Hapo ndipo ninapomwona jirani yako, dada, kuwa na umuhimu kuliko samaki wake. Mama anatoka nyumbani, anabisha hodi, anajulikana ni nani, anakaribishwa, analishwa, anarudishwa. Huo ndio ulinzi wenyewe. Mkimkataza jirani asimpe, mama ataendelea kutoka kwa kuwa harufu itaendelea kuvuka ukuta, na hatimaye mtalazimika kumfungia. Badala yake panueni duara: mwambieni mwenyekiti wa mtaa na balozi wa nyumba kumi kwamba mama ana ugonjwa wa ubongo na mtaje jina la ugonjwa wazi, waambieni vijana wa bodaboda wa kijiweni wakimwona akielekea barabara ya kwenda Magu wamwite kwa heshima na kumrejesha, na muwape namba ya simu. Familia nyingi huficha ugonjwa huu kwa aibu, na kuficha ndiko kunakoacha nafasi ya watu kutafuta maelezo yao wenyewe.

Mzee wa Kanisa, Nyakato

Bwana asifiwe, binti yangu. Naandika nikiwa Msabato, na ninazungumza kwa niaba yangu, si kwa niaba ya kanisa.

Mama yako hajatenda dhambi. Kosa huhitaji ujuzi na kusudi, na vyote viwili ugonjwa umevichukua. Anayesema mama ameasi anamtwika mzigo ambao Mungu hakumtwika. Mtunga Zaburi aliomba katika Zaburi ya 71 asitupwe wakati wa uzee, nguvu zake zipungukapo, na hakuweka sharti kwamba awe bado anakumbuka sheria.

Hata hivyo, nakubaliana na dada yako katika sehemu moja, na hapo natofautiana na ndugu wa Malimbe. Nadhiri aliyoishika mtu maisha yake yote si jambo dogo kwa kuwa tu inahusu chakula. Kwake ilikuwa njia ya kumwambia Mungu kila siku kwamba yeye ni wake. Kwa hiyo ningewashauri mjaribu kwanza sato au sangara aliyekaushwa kwa moshi, apikwe kwa namna ileile ya jirani, kwa sababu huenda anachotafuta ni ule moshi. Akiridhika, mmezitunza pande zote mbili. Asiporidhika, msimnyang'anye.

Lakini imani yake isiachwe ikabaki kwenye samaki peke yake. Je, analetwa ibadani? Hapa kwetu alikuwapo dada mmoja wa Dorkasi, kundi la akina mama wa kanisa wanaohudumia wahitaji, aliyefikia hali ya kutomjua mumewe. Katika huduma ya kutawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana, wenzake walikuwa wakimwosha, na beseni likigeuzwa upande wa pili alikuwa akipiga magoti mwenyewe, akaosha miguu ya mwenzake, akakausha kati ya vidole kwa taulo, kwa utaratibu uleule wa siku zote. Mleteni mama. Ataketishwa kando ya mlango ili akichoka atoke bila kusumbuka, na nitawaambia waumini wamsalimu bila kumhoji.

Binti wa Pasiansi

Ninawashukuru wote, na nimemsomea dada yangu kwenye simu majibu haya kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mzee wangu wa Nyakato, sato wa moshi tulimpikia. Alikula kidogo kwa adabu, kisha akainua macho na kuuliza, "Yule wa mama Juma yuko wapi?" Jina la jirani amelishika, wakati langu siku hiyo lilikuwa limempotea. Nimeliwaza sana neno la Mjukuu wa Misungwi baada ya hapo, kwa kuwa sikuwa nimefikiri kwamba pengine mama anafuata mlango ule pamoja na chakula chake, na kwamba anapobisha hodi anakwenda kutembea kama mtu mzima yeyote anavyokwenda kumtembelea mwenziwe.

Muuguzi, foronya ameipokea. Pindo lake limenyooka kuliko la fundi ninayempelekea nguo zangu, na alipofika pembeni alikunja kitambaa, akakipiga kwa kidole gumba ili kikae, akanyoosha mkono bila kunitazama nimpe mkasi.

Dada bado hajakubaliana nami kuhusu mumi. Anasema ameuelewa ushauri lakini moyo wake unakataa kumwona mama wa kanisa akila kitu hicho, na mimi sitaki kumlazimisha, kwa kuwa naye anamtetea mama kwa namna anayoijua. Kauli ambayo sisi watatu tumeikataa kwa pamoja, kaka akiwamo, ni ile ya kusema mama alikwisha kuondoka. Tumekubaliana kwamba mimi sitanunua mumi wala kumpika nyumbani, mama akienda kwa jirani na kukaribishwa hatazuiwa, na siku atakapouliza ni samaki gani ataelezwa ukweli. Mwenyekiti wa mtaa nimeshamweleza, na kijiwe cha bodaboda nitakwenda kesho.

Lililobaki ni la usiku. Mama ameanza kuamka saa nane au saa tisa akitafuta njia ya Magu, nami sitaki kumfungia mlango kwa kufuli kwa sababu ya hatari ya moto na kwa sababu akikuta umefungwa hulia. Kama kuna aliyepata njia nyingine iliyofaa katika nyumba za kwetu hizi, naomba anieleze alivyofanya.